Mjadala: Taasisi za umma ziendelee kulipia leseni za hifadhidata?

Mleta mada:
Wakuu, hoja yangu ni hii: taasisi inayoendeshwa kwa fedha za umma isinunue leseni ya hifadhidata ya kampuni kwa mfumo wowote mpya, mpaka ithibitishe kwa maandishi kwamba PostgreSQL, hifadhidata huria isiyo na ada ya leseni, haitoshi. Leo mambo yako kinyume, anayependekeza programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) ndiye anayebanwa ajieleze.

Tuanze na hesabu, maana wengi hukutana nayo mkataba ukiwa umeshasainiwa. Oracle Database, toleo la Enterprise, kwa bei ambayo kampuni yenyewe imeitangaza kwa miaka mingi, ni dola 47,500 kwa leseni moja ya prosesa. Chukua seva yenye prosesa 2 za Intel, kila moja ina viini (sehemu za kuchakata) 16. Jumla viini 32, kanuni yao inazidisha kwa 0.5, unapata leseni 16. Hizo ni dola 760,000 kwa seva moja, na kila mwaka unalipa asilimia 22 ya bei hiyo kwa ajili ya huduma, yaani dola 167,200. Seva ya akiba bado hujaigusa, wala nyongeza ya kugawanya majedwali makubwa, ambayo ina leseni yake. Punguzo lipo, tena huwa kubwa, ila anayeamua ukubwa wake ni muuzaji.

Masharti nayo hubadilika ukiwa umeshaingia. Januari 2023 Oracle ilianza kuuza leseni za Java, mfumo wa kuendeshea programu, kwa idadi ya wafanyakazi wote wa taasisi, hata wasioitumia kabisa. Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya programu za kugawa seva moja iwe nyingi, Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangaza mwisho wa kuuza leseni za kudumu. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba Diageo, kampuni ya vinywaji, ilihitaji leseni za SAP, kampuni ya programu za biashara, hata kwa wateja walioagiza bidhaa kupitia mfumo mwingine uliounganishwa na SAP. Dai la SAP lilizidi pauni milioni 54. Fedha za namna hiyo zikitoka kwenye bajeti ya umma, kuna huduma ya wananchi inakatwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hesabu yako sina ugomvi nayo, lakini gharama ya kuhama hujaiweka. Mifumo mingi ninayoijua ina miaka 20, na kanuni za kazi zimeandikwa ndani ya hifadhidata yenyewe kwa PL/SQL, lugha ya Oracle. Nakupa mfano mmoja tu. Kwa Oracle, maandishi matupu na thamani isiyojazwa ni kitu kimoja. PostgreSQL inavitenganisha. Baada ya kuhama, ripoti inayotafuta watu ambao jina lao la kati halijajazwa itaendelea kutoka vizuri, bila ujumbe wowote wa kosa, ila kila aliyesajiliwa kwa maandishi matupu hatamo. Makosa ya aina hii hayaonekani siku ya majaribio. Yanakuja kuonekana mtu anaponyimwa haki yake.

Watu hupenda kutaja Amazon, kwamba 2019 ilitangaza kuhamisha karibu hifadhidata 7,500 kutoka Oracle. Kweli, lakini wale walikuwa na wahandisi wao na hifadhidata zao wenyewe za kuhamia. Taasisi yenye mafundi watatu ikihamia programu huria halafu mfumo ukaanguka usiku, inampigia nani?

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, mnabishania leseni wakati ujuzi wa kuendesha mifumo umeshakabidhiwa wakandarasi zamani. Na huria peke yake si kinga: Elastic, kampuni ya programu ya kutafuta data, iliacha leseni yake huria 2021, na Redis, ya hifadhidata, ikafuata Machi 2024. Tofauti ya PostgreSQL ni kwamba hakuna kampuni moja inayoimiliki.

Ila angalieni TSB, benki ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha mifumo yake ikitegemea kampuni dada ya kundi la Sabadell, benki ya Hispania iliyokuwa ikiimiliki TSB, ifanye kazi hiyo. Wateja wengi wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Miongoni mwa sababu ni kushindwa kusimamia hatari za kazi iliyokabidhiwa wengine. Leseni haikuwa tatizo pale. Mkandarasi akishika nywila za msimamizi, chelezo (nakala za akiba za data) na michoro ya mfumo, nyie hamna mfumo, hata kama hifadhidata ni ya bure.

Mleta mada:
Mchangiaji wa pili, hilo naliongeza kwenye hoja: nywila za juu zibaki kwa mwajiriwa wa taasisi, na chelezo irejeshwe kwenye seva ya taasisi kila robo mwaka, mikononi mwa mafundi wa taasisi, mkandarasi akiangalia tu.

Mchangiaji wa kwanza, swali la simu ya usiku lina jibu. Msaada wa PostgreSQL unauzwa na kampuni nyingi, na asiyeridhisha unamwacha bila kugusa hifadhidata. Mifumo ya zamani sikusema ihamishwe kwa pupa. Nimesema mifumo mipya. Lakini kwa huo wa miaka 20, naomba utujibu: hizo taratibu za PL/SQL, nani ndani ya taasisi anaweza kuzisoma leo na kueleza zinafanya nini? Kama ni mkandarasi peke yake, hata kubaki Oracle mnabaki kwa ridhaa yake.