Altezza RS200 au Impreza WRX: niko Mbeya, nichukue ipi?

Nyanda_Juu: Wakuu, habari zenu. Nimejipanga kununua gari la kukimbia, na nimebaki na mawili ya lita 2.0: Toyota Altezza RS200 ya manual, isiyo na turbo, au Subaru Impreza WRX yenye turbo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini). Moyo uko kwa Altezza. Nguvu farasi zake 210 zinakamilika injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, na sauti yake huko juu inanisisimua kweli. Ila naishi Mbeya na Dar naenda mara kwa mara, yaani mlima Kitonga haunikwepi. Naombeni ushauri.

Mpanda_Milima: Mkuu, Mbeya ndiyo inayoamua. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, basi. Kwa mwinuko huo inapoteza kama asilimia 18 ya nguvu. Hizo 210 zinabaki 170 na ushee. Turbo inashindilia hewa, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa ya pengo hilo. Halafu WRX ya Japan ina 250, na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 333 unaipata kwenye mizunguko 3,600 tu. Altezza ina Nm 216. Kuovateki lori mlimani utaiona tofauti.

Mama_Gia: Naheshimu hesabu hizo, lakini mimi naendesha Altezza hapa Iringa na siibadilishi. Ukigusa mafuta injini inaitika palepale, huingojei turbo ijae presha. Matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kwa hiyo konani unalihisi gari lote. Kama unatafuta raha ya kuendesha, fuata moyo wako, mdogo wangu. Kwenye tope la masika hapo WRX inanishinda, inavuta kwa matairi yote manne.

Fundi_Spana: Wote mko sawa, ila gari lenyewe lina miaka 20. WRX iliyochoka ni mbaya kuliko Altezza nzima, hata huko Mbeya. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, uwashe mwenyewe. Sikiliza mlio wa kugonga wa chini chini, dalili ya beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) kuisha. Tazama moshi wa bluu. Kisha zima, fungua paipu ya hewa, shika shafti ya turbo kwa vidole. Ikicheza kidogo pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa kasha, turbo hiyo imekwisha. Pima na kompresheni (presha ya mgandamizo) ya silinda zote nne, zisipishane sana.

Nyanda_Juu: Shukrani sana fundi. Na matunzo ya turbo yakoje?

Fundi_Spana: Weka oili nzuri ya sintetiki, na usivuke kilomita 5,000 bila kuibadilisha. Ukimaliza kupanda Kitonga na ukasimama, usizime hapo hapo. Iache ingurume bila kukanyaga mafuta dakika moja au mbili, oili iendelee kupoza turbo. Muuzaji asipokubali upime kompresheni, ondoka.