MREJESHO: yule fundi viatu wangu wa Kiingereza

Wakuu habari za jioni, nimerudi kama nilivyoahidi. Mwezi uliopita niliwauliza kuhusu kisanamu cha fundi viatu nilichonunua gulioni huku Uingereza, muuzaji kaniapia ni kauri ya enzi za Malkia Victoria. Basi nikampelekea mama mmoja anayekusanya hivi vitu miaka mingi, akakigeuza chini tu akasema mwanangu hii sio kauri, ni udongo wa Staffordshire (mkoa wa Uingereza wenye viwanda vya vyombo vya udongo) uliopakwa gilezi, ile rangi ya kung'aa kama kioo, ila ni ya zamani kweli! Kilichomshawishi ni kitundu cha chini, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, maana wakati ule walikuwa wanakandamiza udongo kwenye kalibu kwa mkono, hivi vya kuigiza vya juzijuzi vinamiminwa udongo wa majimaji na mara nyingi tundu lake kidole kinaingia kabisa. Halafu hakijagongwa neno England, ambalo lilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani, iliyotaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kuanza 1891. Mkono wa kulia ulishavunjika ukagundishwa, tochi ya UV (mwanga usioonekana kwa macho, unaofichua sehemu zilizokarabatiwa) imeuumbua. Bei imeshuka lakini siuzi ng'o. Sasa namtafuta mkewe, maana hawa Jobson (ndiye fundi viatu) na mkewe Nell walitengenezwa wawili wawili, atakayemuona popote anishtue jamani.