Nachora majahazi Lamu, macho yananipungukia. Nifanyeje?

Mchoraji_Langoni:
Asalaam aleikum waungwana. Nina miaka 52, nachora majahazi na kuwauzia wageni hapa Lamu. Mwaka jana daktari aliniambia nina presha ya macho. Katikati naona, pembeni giza, kama nachungulia kwenye mwanzi. Nikitazama omo, mbele ya chombo, tezi ya nyuma siioni. Wiki iliyopita nilichora foromali, ule mti unaoshika tanga, isiyogusa mlingoti, tanga likaelea angani kama kanga iliyopeperuka kambani. Mteja ndiye aliyenionyesha. Kijana wangu ataka niache rangi, niuze mabuyu. Sitaki. Wenye shida hii huchoraje?

Mwana_wa_Shela:
Pole kaka. Si upasuliwe tu? Shangazi yangu alipasuliwa, sasa atunga uzi kwenye sindano mwenyewe.

Muuguzi_Malindi:
Shangazi yako alikuwa na mtoto wa jicho, hilo, lenzi hubadilishwa mtu akaona. Presha huua mshipa wa fahamu wa jicho na kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki. Wengi huyaacha kwa sababu jicho haliumi. Kaka, wewe watia kila siku?

Mchoraji_Langoni:
Nilikuwa naruka siku. Nimesikia, dada.

Brashi_Kavu:
Nafundisha kuchora. Kwako kanvasi kubwa ni adui. Chukua dogo, lisogeze mbali kidogo, chombo kizima kiingie kwenye huo mwanzi wako. (Mwenye doa katikati ya jicho ni kinyume, yeye akuze kila kitu.) Kabla ya rangi, bandika uzi kwa gundi: mmoja mlingoti, mmoja foromali, mmoja ubavu wa chombo. Ikikauka, kidole cha kushoto kikae pale foromali inapokutana na mlingoti, brashi ikifuate. Tanga halitoroki tena. John Bramblitt, mchoraji wa Texas, Marekani, aliyepofuka mwaka 2001, huchora kwa mistari iliyoinuka hivyo hivyo, na rangi zake huzichanganya ziwe nzito au nyepesi, azijue kwa vidole. Na usichore barazani jua kali juu ya kanvasi jeupe, mng'ao utakumaliza. Lipake kahawia kwanza.

Bi_Mshonaji:
Mimi cherehani tu, rangi sizijui. Ila nilisoma habari za Monet, yule mchoraji Mfaransa. Aliambiwa ana mtoto wa jicho 1912, akapasuliwa 1923. Miaka yote hiyo kati aliendelea kuchora, akitegemea majina yaliyoandikwa kwenye mirija ya rangi na kuzipanga rangi mahali pale pale kila siku. Kwangu jikoni chumvi na sukari hazibadilishani pahala, nazipata hata stima ikipotea. Wewe funga mirija yako kwa mipira ya kufungia noti: bluu mmoja, kijani miwili. Na huyo kijana mwambie wauza mabuyu Lamu wametosha.

Mchoraji_Langoni:
Nimerudi. Juzi nilijaribu mshipi wa kuvulia, ukateleza kwenye gundi, nikatukana peke yangu. Jana nikachukua uzi wa pamba. Foromali imekaa! Tezi imepinda kidogo, na bendera nimeisahau kabisa. Kijana wangu kapitisha kidole juu ya mlingoti mara mbili, kisha kauliza nimetumia gundi gani.

Brashi_Kavu:
Weka picha tuone.

Mchoraji_Langoni:
Nipake bendera kwanza.