Mwanamke asiye na kwake: halmashauri imlipie kodi ya chumba?

Mleta mada: Wakuu, mwanamke yuko peke yake, hana mume wala mtoto, katolewa kwenye nyumba aliyoishi miaka mingi. Sasa analala barazani Kariakoo. Msaada gani wa serikali unamfikia?

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inahesabu kaya, na walengwa wanaibuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Yeye ni wa mtaa upi? Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haina riba, sawa, ila mwanamke anaipata kupitia kikundi. Nani atamdhamini mtu anayehama baraza kila wiki? Ukienda popote unaambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa, na barua hiyo haandikiwi mtu asiye na pa kukaa.

Pendekezo langu: ile 4 imegwe kidogo, iwe kodi ya chumba miezi sita, alipwe mwenye nyumba moja kwa moja. Nasema sita kwa sababu Dar wenye nyumba wengi hawashiki pungufu ya hapo.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeanza vizuri ukaharibia mwishoni. Ile ni mikopo, inarejeshwa apewe mwingine. Kodi ikishaliwa imeliwa. Na wanaume wanaolala stendi je? Halafu mwanamke ana kwao, arudi.

Mchangiaji wa pili: Kaka, kwao wapi? Soma Tangazo la Sheria ya Mila la 1963: mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Asiyezaa je? Na kwa baba yake, Tangazo hilo lilisema shamba la ukoo atalima tu, kuuza hana ruhusa, mpaka Mahakama Kuu ilipoliondoa katazo la kuuza mwaka 1990. Shangazi yangu alirudi kwao na miaka 50. Walimpa chumba cha nyuma, mavuno yalipoingia wakakitaka waweke magunia.

Mleta mada: Hoja ya marejesho naikubali, basi itafutwe kwenye mapato mengine ya halmashauri. Wanaume nao wasaidiwe, sina ugomvi, ila usiku barazani huyu mama anamhofia mgambo na anamhofia pia aliyelala pembeni yake. Ila hata hela ikipatikana, bado kuna barua. Wenyeviti wa mitaa mliopo, mtu asiye na nyumba akija ofisini kwenu, mnamwandikia nini?