Kuacha kazi ya mshahara ili ujiajiri: ni ujasiri kweli?

Mleta mada:

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Wahamasishaji wengi wanahubiri kwamba mwenye ajira ya kudumu na wazo la biashara aandike barua ya kuacha kazi, ajitose mzima mzima. Anayebaki wanamwita mwoga, mtumwa wa mshahara. Mimi napinga. Biashara ianze ukiwa bado umeajiriwa, na barua iandikwe pale wateja wanaolipa wanapozidi muda wako wa jioni.

Mwaka 2014, Joseph Raffiee na Jie Feng walichapisha utafiti uliofuatilia maelfu ya Wamarekani. Walioanza biashara wakiwa kazini, kisha wakaacha kazi baadaye, walikuwa na hatari ya biashara kufa iliyo pungufu kwa takriban 33% kuliko waliotoka moja kwa moja. Na inaeleweka. Ukiwa na mshahara unajaribu bei, unakosea, unajirekebisha. Ukiona wazo halina soko unaliacha, na watoto bado wanakula. Steve Wozniak alitengeneza kompyuta ya kwanza ya Apple akiwa mwajiriwa wa Hewlett-Packard. Einstein aliandika makala zake za 1905 akiwa mwajiriwa wa ofisi ya hataza, yaani ya kusajili uvumbuzi, huko Bern, Uswisi, na hakuondoka pale hadi 1909. Nani atawaita hao waoga?

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Mtu analinganisha faida ya mwezi na mshahara wa mkononi, anasema "zimelingana, natoka". Hazijalingana! Mchango wa mwajiri kwenye pensheni, bima ya afya, likizo yenye malipo, siku za kuugua: vyote vinahamia mfukoni mwako. Mchumi Barton Hamilton alionyesha mwaka 2000, kwa takwimu za Marekani, kwamba mtu wa kati aliyejiajiri kwa miaka 10 alikuwa akipata 35% pungufu ya ambacho angepata kwenye ajira.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, kazi gani hiyo inayokuachia jioni? Nesi wa zamu anatoka asubuhi hajiwezi. Mikataba mingi inakataza kazi ya pili, hasa ikigongana na maslahi ya mwajiri, na ukibainika unafukuzwa. Ushauri wako unamfaa mwenye kazi nyepesi.

Tena usisahau utafiti wa Steven Levitt uliochapishwa 2020. Watu waliokuwa njia panda walirushiwa sarafu, zaidi ya mara 20,000, iwaamulie wabadilishe au wabaki. Kwenye maamuzi makubwa, kuacha kazi ikiwemo, walioambiwa wabadilishe walikuwa na furaha zaidi miezi sita baadaye. Sisi binadamu tunang'ang'ania pale tulipo kupita kiasi.

Mchangiaji wa pili:

Mbona hakuna anayemtaja mwenza? Hakuna kinachovunja nyumba kama mtu kujua kwamba mwenzake aliacha kazi wiki iliyopita. Hilo litangulie kabla ya utafiti wowote.

Mleta mada:

La mwenza naliunga mkono kwa mikono miwili.

Mkuu wa kwanza, suala la mkataba ni la kweli: usome kabla hujauza chochote, na vifaa vya ofisi usiviguse. Lakini watu wa Levitt walikuwa tayari njia panda, mizani imesimama katikati. Wahamasishaji wanamsukuma hata ambaye hajawahi kupata mteja mmoja. Na furaha ya miezi sita haisemi akiba iliisha mwezi wa ngapi.

Hapa ndipo ninapoona tunachanganya mambo mawili. Kuchoka na kazi si sawa na kuwa na biashara. Kama kazi inakuvunja afya, ondoka, na kama inawezekana ondoka kwenda ajira nyingine yenye saa zinazovumilika. Biashara iwe uamuzi wa pili, wenye hesabu zake. Ukiunganisha yote kwa barua moja, unaanza safari ngumu ukiwa hoi na huna kipato.

Kwa nesi wa zamu ningeuliza kwanza kuhusu likizo bila malipo: miezi michache ya kujaribu, nafasi yake ikiwa inamsubiri. Waliowahi kuiomba, mwajiri alikubali? Kwa masharti gani?