CV ya templeti: akili au uvivu?

Mtafutaji: Wakuu salaam. Nina diploma ya uhasibu, nipo mtaani mwaka wa pili sasa. Kuna kampuni ya mizigo hapa Dar inataka karani wa hesabu. Bro kanitumia templeti ya Canva, ina rangi, duara la picha na vimistari vya kuonyesha Excel unaijua asilimia ngapi. Mwalimu wangu wa fildi anasema andika mwenyewe kwenye Word, kavu kabisa. Nishike la nani? Mwisho Ijumaa.

Kisiki: Templeti ni ya wavivu. Ndo walewale waliokuwa wanadesa chuo, sasa wanadesa hadi maisha yao.

Mama Risiti: Kisiki koma. Mimi chuo nimemaliza kwa jasho langu na templeti nimetumia. Umoja wa Ulaya wenyewe umewawekea watu templeti ya CV, Europass, kama sikosei tangu 2004, mtu anajaza tu vipengele. Nao wamedesa?

Kisiki: Kwani nimekutaja dada?

Mama Risiti: Umesema "walewale". Mimi ndo walewale.

Kabrasha: Mimi CV nazisoma kazini. Hizo za safu mbili zinapendeza machoni ila zikipitishwa kwenye mifumo ya kompyuta, mingine inachanganya kushoto na kulia, unakuta namba ya simu imeangukia katikati ya jina la shule. Na Excel asilimia 85 ndo nini? Sema ulilinganisha vitabu na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, nitakuelewa. Ila templeti ina afadhali, balaa ni CV za steshenari. Nimesoma ya kijana kazaliwa 2001, ana watoto watatu, wadhamini wote wako Songea, hobi kusuka nywele. Kumbe ya mteja aliyetangulia, wamebadili jina tu!

Bosi Printa: Kabrasha hapo umenigusa. Nina steshenari mwaka wa 9. Mtu anakuja imebaki nusu saa, mkononi ana buku, flashi hana, anasema "niandikie kama ya yule aliyetoka". Namuuliza fildi ulifanya nini, anajibu weka chochote. Sasa hobi nitaijua mimi? Na hapo LUKU imebaki uniti mbili.

Kisiki: Kwa hiyo unakiri, mnadesa.

Bosi Printa: We mwenyewe una kazi?

Kisiki: Kazi yangu imeingiaje hapa?

Mama Risiti: Imeingia na mlango uleule ulioingiza kudesa 😂

Mzee Makaratasi: Vijana mnapoteza muda na rangi. Ajira Portal ya serikali unajaza taarifa zako humohumo, wanataka vyeti na wadhamini watatu wa kuaminika, na umri usizidi miaka 45. Nani kakuuliza duara?

Tunduma Boy: Tusubiri kidogo, CV nzima kwa buku?? Huku kwetu elfu tatu na kuprinti unalipia pembeni. Bosi Printa uko wapi nikutumie wateja

Bosi Printa: Elfu tatu bila kuprinti! Na mimi ndo naitwa mwizi hapa.

Mtafutaji: Jamani hii ni kampuni binafsi na Ijumaa ndo keshokutwa. Nimefuta duara, naandika kwenye Word. Swali lingine, kwenye wadhamini naruhusiwa kumweka bro?

Kisiki: Yupi, huyo wa templeti?