Parole Kigoma: bodi ya mkoa imalize yenyewe, au iendelee kupendekeza tu?

Hoja ni hii. Parole ni kutoka gerezani kwa masharti kabla kifungo hakijaisha. Faili la mfungwa wa gereza la Bangwe au Kwitanga huanzia gerezani, hupita bodi ya parole ya mkoa, kisha Bodi ya Taifa, na uamuzi wa mwisho ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ngazi hizo zote zina kazi?

Mchikichi, Ujiji: Hazina kazi. Pigeni hesabu. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, ilivyorekebishwa, inataka kifungo cha miaka 4 au zaidi, na theluthi moja iwe imetumikiwa. Lakini mwenye tabia njema anapunguziwa theluthi kwa Sheria ya Magereza. Aliyefungwa miaka 6 anastahili parole mwezi wa 24, na mwezi wa 48 anatoka hata bila parole. Wa miaka 4 ana miezi 16 tu ya kunufaika. Faili likizunguka mwaka mzima, kimebaki nini?

Msoma Majalada, Kasulu: Hesabu sawa, ila faili hukwama kabla halijapanda popote. Bodi inataka kujua mlalamikaji anasemaje, jamii itampokea, atakaa kwa nani. Sasa anuani ya jalada ni kambi ya dagaa iliyokwisha kuhama! Au taarifa inarudi na mstari mmoja, "jamii haimtaki", bila kusema aliulizwa nani. Mjumbe makini ataahirisha, na ana haki. Uchunguzi uanze miezi 6 kabla ya theluthi kutimia, na mwenyekiti wa kijiji aandike majina ya aliowahoji.

Uyui: Mimi ngazi ya pili, Bodi ya Taifa, naitetea. Mkoani watu wanafahamiana. Ukoo wa aliyedhulumiwa unajua mjumbe anaswali wapi. Kinachokera ni kukataliwa bila sababu ya maandishi, maana mfungwa hajui arekebishe nini. (Wa unyang'anyi wa silaha, ubakaji na kifungo cha maisha wasihesabiwe humu, sheria haiwapi parole.)

Mchikichi, Ujiji: Basi tugawane: miaka 4 hadi 6 mkoa umalize, zaidi ya hapo faili lipande Taifa.

Msoma Majalada, Kasulu: Hapo naweza kukubali, mradi mkoa uliotoa ruhusa ndio ubebe uangalizi. Akivunja masharti anarudishwa ndani; lakini anayeishi Kalya, kule kando ya Ziwa Tanganyika, ofisa atamfikia kwa boti ya nani, na mafuta yako kwenye fungu gani?